Namna ya Kuliandika Jiko la Kaizari: Vyeo na Siri za Wapishi wa Enzi ya Qing

Mwandishi anayetaka kuiweka hadithi yake ndani ya kasri la China mara nyingi huanza kwa kumtafuta mpishi mwenye kichupa cha viungo visivyojulikana, au mzee aliyeuficha moyoni mchuzi wa ukoo wake mpaka siku ya kufa. Picha hiyo inavutia, nayo ndiyo inayoiharibu miswada mingi. Mapishi ya kasri la Beijing wakati wa enzi ya Qing (1644–1912) hayakuwa siri kubwa kiasi hicho. Bata, kuku na kondoo walipikwa kwa ustadi pia katika nyumba za maofisa na matajiri, na mara nyingine wapishi wa nyumba hizo ndio walioitwa kumpikia Kaizari. Siri iliyolindwa ilikuwa nyingine kabisa: ni chakula gani ambacho Kaizari mwenyewe anakipenda. Ukilishika jambo hilo, vyeo vya jikoni vitajipanga vyenyewe, kwa sababu kila mtu alipimwa kwa ukaribu wake na siri hiyo.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika riwaya, tamthilia au hadithi fupi kwa Kiswahili, na anayetaka msomaji wake aamini kwamba moshi wa jiko lile ni moshi kweli.

Chagua mwaka kabla ya kuchagua mpishi

Usiandike tu kwamba mambo yalitokea "zamani za makaizari". Mji Uliokatazwa ulikamilika mwaka 1420, na tangu hapo hadi 1912 umekaliwa na enzi mbili zenye desturi tofauti. Chini ya Ming, enzi iliyoitangulia Qing, chakula cha ndani kilikuwa mikononi mwa ofisi za matowashi na pia za maofisa wanawake. Chini ya Qing, mambo hayo yalihamia kwa Neiwufu, yaani Idara ya Nyumba ya Kaizari, ambayo watumishi wake wengi walikuwa watu wa kurithi: mtoto alizaliwa akiwa tayari ni mtumishi wa nyumba ya kifalme kwa kuwa baba yake alikuwa hivyo. Ukizichanganya enzi hizo, mhusika wako atakuwa anapokea amri kutoka kwa ofisi ambayo haipo.

Ushauri wangu ni kuchagua ama utawala wa Qianlong, aliyekalia kiti kuanzia 1735 hadi 1796, ama miaka ya mwisho, ile ya Cixi, Mama Malkia aliyeshika madaraka, na ya mtoto Puyi, Kaizari wa mwisho. Wa kwanza umeacha karatasi nyingi mno. Wa pili umeacha kumbukumbu za watu waliokula na waliopakua. Mimi ningeanza na Qianlong, kwa sababu karatasi hazina kinyongo, ilhali wazee wanaosimulia ujana wao huwa nacho.

Jenga ngazi, kisha mpe mhusika kidaraja chake

Jiko la Kaizari liliitwa Yushanfang. Usilifikirie kama chumba kimoja chenye mpishi mkuu anayepiga kelele. Lilikuwa ofisi. Juu kabisa alikaa waziri aliyeteuliwa kulisimamia, mtu ambaye huenda hakuwahi kukata kitunguu. Chini yake walikuwapo maofisa wa chakula wenye majina ya vyeo kama shangshan zheng na shangshan fu, na pembeni yao makarani wa kuandika kila kitu. Ndipo unapowafikia watu wa moto: paozhang, yaani mkuu wa wapishi, msaidizi wake, wapishi wa kawaida, na mwishoni wachotaji maji, wachochea kuni, wasafisha mboga na wabebaji. Kazi yenyewe iligawanywa katika sehemu tano: ya nyama, ya mboga zisizo na nyama, ya wali na nafaka, ya vitafunio na maandazi, na ya tanuri la kuning'iniza nyama za kuchoma. Mchomaji bata na mkanda unga hawakuwa watu wa kundi moja hata kama walitumia mlango mmoja.

Simulizi moja ya aliyekuwa kijakazi wa Cixi inaeleza kwamba katika jiko la malkia huyo meko yalipewa namba, na kila jiko lilikuwa na watu watatu: mwenye kushika upawa, mwenye kukata na kupanga viambato, na wa kazi ndogondogo. Kitu kilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine kilikaguliwa kwanza. Hapo ndipo pa kumweka mhusika wako kijana. Usimfanye mpishi wa Kaizari katika sura ya kwanza. Mfanye mwosha majani ambaye kwa miaka mingi anaruhusiwa kugusa mboga lakini si kisu, na ambaye anajua sauti ya upawa wa bwana wake kuliko anavyoijua sura ya mama yake.

Sasa zingatia mkanganyiko utakaoibeba hadithi yako. Mpishi aliyeshika upawa hakuwa yeye anayepeleka chakula mezani. Waliokipeleka, waliokipanga na waliosimama wakimtazama Kaizari akila ni matowashi. Kwa hiyo mtu mwenye ujuzi hakuona matokeo ya ujuzi wake, na mtu asiyejua hata kupima chumvi aliona kila kitu. Mpishi alilazimika kumsikiliza towashi ili ajue sahani yake imeguswa au imerudi nzima. Neno moja la towashi mlangoni lilikuwa na thamani ya fedha, na towashi alilijua hilo. Ukiandika mandhari moja tu ya namna hiyo, yaani mpishi anayejifanya kupanga kuni huku akingoja towashi arudi na sahani tupu, hutahitaji kueleza kwa maneno nani yuko juu ya nani.

Usisahau pia kwamba katika fikra za Kichina jiko lilikuwa na heshima yenye pande mbili. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, alifundisha kwamba muungwana hukaa mbali na jiko, kwa kuwa aliyemsikia mnyama akilia hawezi kustahimili kula nyama yake. Mafundisho hayo yalihusu huruma, lakini waungwana wengi waliyatumia kuyadharau majungu. Wakati huohuo kila msomi aliijua habari ya Yi Yin, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mpishi akapanda hadi kuwa waziri wa mwanzilishi wa enzi ya Shang, na habari ya kutisha ya Yi Ya, mpishi wa Mtawala Huan wa dola ya kale ya Qi, anayesimuliwa kuwa alimpika mwanawe mwenyewe ili kumridhisha bwana aliyedai kwamba ameshaonja kila kitu. Mtawala huyo alipougua mwaka 643 KK, Yi Ya na wenzake walimfungia ndani ya kasri lake, na maiti yake ikakaa siku 67 bila kuzikwa. Mhusika wako anapokaribia sana kinywa cha mfalme, watu wazima walio karibu watamkumbuka Yi Ya hata kama hawatalitamka jina lake.

Soma cheo katika posho na katika bakuli

Katika kasri la Qing, kula ilikuwa haki iliyopimwa kwa mizani. Kila mtu wa ndani alikuwa na posho yake ya siku kwa mujibu wa daraja. Posho ya Kaizari ilihesabiwa kuwa jin 22 za nyama ya sahani na jin 5 za nyama ya supu (jin moja ilikuwa karibu gramu 600), pamoja na kondoo 2, kuku 5 na bata 3, na kulikuwa na ng'ombe 50 wa maziwa waliotengwa kwa ajili yake. Maji yake yalikuwa mitungi 12 kutoka chemchemi ya kilima cha Yuquan, magharibi ya Beijing. Malkia alipata jin 16 za nyama ya nguruwe kwa siku. Mke mkuu aliyemfuata alipata 12. Aliye katika daraja la guiren, mojawapo ya madaraja ya masuria, alipata 6. Hakuna tumbo la binadamu lililokula vyote hivyo. Posho ilikuwa cheo kilichogeuzwa nyama, na iliwalisha pia watumishi wa mwenye posho, kwa hiyo suria aliyepandishwa daraja aliwapandisha na vijakazi wake.

Vyombo navyo vilisema. Kaure ya manjano nje na ndani ilikuwa ya malkia na ya mama wa Kaizari. Mke mkuu aliyefuata alitumia manjano nje na nyeupe ndani. Wa madaraja ya guifei na fei walikuwa na manjano yenye dragoni wa kijani; wa daraja la pin buluu yenye dragoni wa manjano; guiren kijani yenye dragoni wa zambarau. Jambo hili ni hazina kwa mwandishi. Kijana wa jikoni asiyejua kusoma angeweza kujua, kwa kuyatazama mabakuli yaliyorudi kuoshwa, ni nani amepanda na ni nani ameshuka. Badala ya kumwandikia msomaji kwamba Bibi fulani amepandishwa cheo, onyesha asubuhi ambayo bakuli la kijani halikurudi na mahali pake limekuja la buluu.

Kuna kipimo cha tatu, nacho ndicho kilichowaumiza watu zaidi. Kaizari alikula peke yake, isipokuwa katika sikukuu kama mkesha wa Mwaka Mpya ambapo wake zake walikaa naye kwenye karamu, kila mmoja kwa nafasi yake. Lakini alipomaliza, au hata kabla, aliamuru sahani fulani apelekewe malkia, nyingine suria, nyingine mwana wa mfalme au ofisa. Kupelekewa sahani ilikuwa kukumbukwa. Mpishi ambaye sahani zake zilichaguliwa mara kwa mara kwa ajili ya kutuzwa watu aliinuka bila kupandishwa na yeyote.

Zitenganishe siri, usizifanye moja

Siri ya kwanza ni ya hamu. Kijakazi niliyemtaja alisimulia kwamba Cixi hakutakiwa kula zaidi ya vijiko vitatu vya chakula kimoja. Akizidisha, towashi mkuu alitoa sauti kiondolewe, na chakula hicho hakikuonekana tena mezani kwa siku kadhaa. Sababu ni rahisi: anayejua unachokipenda anajua pa kukutilia sumu. Fikiria maana yake kwa mpishi. Mafanikio yake makubwa kabisa, yaani malkia kurudia mara ya nne, ndiyo yanayoifukuza sahani yake mezani. Sijui adhabu tamu kuliko hiyo, na sielewi kwa nini hadithi nyingi zinaipita.

Siri ya pili ni ya sumu yenyewe. Puyi anakumbuka kwamba katika kila sahani kulikuwa na kibao cha fedha, na kabla ya yeye kula towashi alionja. Kitaalamu, fedha hubadilika rangi inapokutana na salfa, na arseniki ya zamani mara nyingi ilikuwa na mabaki ya salfa. Ndiyo maana watu waliiamini. Lakini yai lililoiva nalo huipaka fedha weusi. Mwandishi mwerevu anaweza kulijengea tukio zima hapo: kibao kimeingia weusi, vichwa vimeinama, na mpishi wa mayai anajua sababu lakini daraja lake halimruhusu kusema mpaka aulizwe.

Siri ya tatu ni ya bei, na hapa ndipo jiko lilipokuwa na siri dhidi ya Kaizari badala ya kwa ajili yake. Kuna kisa maarufu kwamba Qianlong alimuuliza ofisa mmoja amekula nini asubuhi. Akajibu mayai manne. Kaizari akashangaa, kwa kuwa katika hesabu zake yai moja lilikuwa liang 10 za fedha (liang ni kipimo cha uzito wa fedha). Ofisa, akijua kwamba akisema bei ya sokoni atawaangamiza watu wa Neiwufu na kujipatia maadui, alidai kwamba yake yalikuwa mayai mabovu ya bei ya chini. Kiwe kilitokea au la, kisa hiki kilisimuliwa kwa sababu kila mtu wa Beijing alikielewa. Mji huo ulikuwa pia na msemo wa kuvicheka vitu vinne visivyofaa: insha za Chuo cha Hanlin, chuo cha wasomi wa dola, silaha za bohari ya jeshi, dawa za madaktari wa kasri, na chai na supu za Guanglusi, ofisi iliyoandaa karamu za dola. Mpishi wako akitoka nje likizo, mtu atamtania kwa msemo huo, naye atajibu kwa hasira kwamba yeye ni wa Yushanfang, si wa Guanglusi.

Siri ya nne ni ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Kufikia utoto wa Puyi, chakula kilichopikwa na Yushanfang kilikuwa cha kutazamwa. Kilipikwa mapema mno, kikawekwa juu ya moto kingoje amri, kisha kikabebwa na msafara wa matowashi wenye meza na masanduku mekundu yaliyochorwa dragoni wa dhahabu, na kikapangwa mbali na mtoto. Alichokula hasa kilitoka katika jiko la Mama Malkia Longyu na, baada yake, katika majiko ya wajane wengine wa kasri. Hata hivyo hesabu ziliendelea: kwa mwezi mmoja mtoto huyo wa miaka minne hivi aliandikiwa jin 810 za nyama, yaani karibu kilo 480, pamoja na kuku na bata 240. Umpe mhusika wako miaka kumi ya kupika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukionja chakula chake, na umwache alijue hilo.

Tumia karatasi kama mhusika

Watu wa Neiwufu waliandika kila mlo: saa, mahali, jina la kila sahani, chombo, aliyetuzwa sahani ipi, na mara nyingi jina la mpishi aliyeipika. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Kwanza ya Kihistoria ya China mjini Beijing. Jina kwenye karatasi lilikuwa heshima na kamba shingoni kwa wakati mmoja, kwani kitu kikienda vibaya hapakuwa na haja ya kuuliza.

Katika karatasi za Qianlong jina moja linarudi tena na tena: Zhang Dongguan, mtu wa Suzhou, kusini, ambako mapishi yake yalimpendeza sana Kaizari. Alifuatana na msafara wa kifalme katika safari ndefu, akatuzwa fedha, na mwaka 1784, akiwa mzee mwenye maumivu ya miguu, akaruhusiwa kubaki kwao. Hakuwa na ofisi kubwa, lakini jina lake linaonekana katika karatasi za mezani zaidi kuliko la mawaziri wengi. Mpishi wa kaskazini, mtumishi wa kurithi ambaye babu yake na baba yake walikaa kwenye jiko lilelile, alimtazamaje mgeni huyu? Karatasi hazisemi, na hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Wa pili ni mpishi Mwislamu wa suria Rong, mwanamke wa Kiuiguri kutoka magharibi ya mbali aliyeingia kasrini mwaka 1760 na kufariki 1788. Jina la mpishi limeandikwa kwa matamshi ya Kichina, Nunimate, na miongoni mwa vyakula vyake kuna wali wa nyama wa Asia ya Kati, ndugu wa pilau tunayoijua sisi wa pwani, na kitoweo cha vitunguu chenye jina la Kiajemi. Kaizari alipogawa sahani, suria Rong alipelekewa kondoo au mnyama wa porini, si nguruwe. Mpishi huyo alikuwa wa daraja dogo, lakini alijua kitu ambacho wapishi wengine wote hawakuruhusiwa kukikosea, na hilo lilimpa nafasi ambayo ngazi haikuipangia.

Mambo ya kufuta kabla ya kuukabidhi mswada

Futa chakula kikuu cha usiku chini ya mishumaa: Kaizari wa Qing alikuwa na milo mikuu miwili, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na jioni vitafunio tu. Futa ukumbi wa kulia: hakuwa nao, meza zilipangwa alipokuwapo. Futa ile karamu ya sahani 108 ya Wamanchu na Wahan inayosemwa kuwa ilipikwa kasrini, kwa sababu karamu rasmi za Kimanchu na za Kihan ziliandaliwa kwa madaraja yaliyotengana, na sifa ya karamu ya pamoja ilikuzwa na miji tajiri kama Yangzhou, kisha na mikahawa.

Rekebisha pia lugha. Kasrini hapakuwa na neno la kawaida la chakula. Kilichokuwa cha Kaizari kiliitwa shan, na kuagiza kiletwe kuliitwa chuan shan, amri iliyopokezanwa kwa sauti kutoka mlango hadi mlango mpaka jikoni. Kiswahili kina uwezo wake hapa. Tumeshazoea kutofautisha kula na kukirimiwa, kuandaa na kutenga, kwa hiyo mpe towashi msamiati wa heshima na mpishi msamiati wa moto, na usiwaache wasemeshane kama watu wa cheo kimoja.

Ukitaka hadithi ivuke mwisho wa enzi, zikumbuke tarehe tatu. Mwezi Julai 1923 Puyi aliwafukuza matowashi karibu wote. Mwezi Novemba 1924 yeye mwenyewe alitolewa kasrini. Mwaka 1925 waliokuwa watu wa jiko la kifalme walifungua mkahawa katika bustani ya Beihai, karibu kabisa na kuta za kasri, wakauita Fangshan, yaani wenye kuiga chakula cha Kaizari. Mweke mhusika wako pale siku ya ufunguzi. Mteja wa kwanza ameketi, amekula kijiko cha nne cha sahani moja, na hakuna sauti inayoamuru iondolewe.